Amina ya Chai

Kila Jumapili ya pili ya Novemba, ibada ikiisha, kamati ya uteuzi ya Kanisa la Gilgali la Nyaramba hukaa katika chumba kilicho nyuma ya mimbari na kuchagua viongozi wa mwaka unaofuata. Kanuni ya kwanza inajulikana na kila mtu: jina lako likitajwa, unatoka nje, ili wenzako wakujadili bila kukutazama usoni. Wengine wakitoka husimama karibu na tangi la maji wakichezea simu. Mokeira akitoka huenda jikoni.

Mokeira alikuwa mjane wa miaka hamsini na saba, mwembamba, asiyejua kukaa bure. Kwenye kamati aliingia kwa ajili ya sufuria, kwani ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko la kanisa kwa miaka kumi na tisa, cheo ambacho hakuna aliyewahi kukigombania. Kila mwaka Gentrix, mwalimu wa shule ya msingi na karani wa kamati, humtaja Mokeira kwa nafasi ya mzee wa kanisa. Mokeira hutoka. Akifika jikoni na kuona jiko limepoa, huliwasha, huteleka maji, humimina maziwa, hutia majani na tangawizi kidogo. Chai ikiiva huipeleka kwa wenzake, maana chai haingoji.

Na hapo ndipo penye shida. Chai ikiingia, Mzee Mogire, mwenyekiti wa kikao, huvua kofia na kuishukuru kwa sala. Kanuni ya pili ya Gilgali inasema jambo likishafungwa kwa Amina halifunguliwi tena hadi Novemba nyingine. Amina ya chai hufunga kila kilichokuwa mezani, na kilichokuwa mezani ni jina la Mokeira. Kwa njia hiyo alikuwa amejiangusha mwenyewe mara saba, kwa chai nzuri isiyo na kasoro.

Gentrix alikuwa amemsihi aache kuteleka. Mwaka juzi Mokeira alijaribu. Alikaa jikoni amekunja mikono, roho ikimwuma, mpaka Mzee Mogire akachungulia mlangoni kuuliza kama yu mgonjwa. Kamati ikaliweka jina lake kando ili imwombee apone. Walipomaliza kumwombea, walisema Amina.

Mwaka jana mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu ya Nyangate.

Nyangate alikuwa na miaka tisini na mitatu na nyumba ya mabati juu kidogo ya kijito. Ndiye aliyempokea Mokeira alipoletwa kutoka Magwagwa akiwa bibi harusi, akamfundisha kusali kwa sauti na kusonga ugali wa wimbi bila mabonge. Mwezi wa Septemba alimwita, akamkalisha kitandani, akamwambia neno moja tu.

"Nikifa, unizike wewe. Mogire asiniguse."

Mokeira alijua sababu. Mogire alimzika mume wa Nyangate, Ombaso, na mbele ya umati mzima akamwomba Mungu ampokee Motari. Motari alikuwa kaka yake Ombaso, na alikuwa amesimama pale pale akiwa hai, ameshika kofia. Mpaka leo anakula na kushiba.

"Sasa huko sijui ni nani amepokelewa," Nyangate alisema. "Mimi nataka jina langu litajwe sawasawa, mara moja, na mtu anayenijua."

Mokeira alimwahidi. Lakini kule Gilgali anayeongoza mazishi ni mchungaji au mzee wa kanisa, na mchungaji alikuwa na makanisa tisa na pikipiki moja. Basi ilibidi Mokeira awe mzee wa kanisa. Nyangate akasema sawa, angesubiri hadi Januari. Hakuwa mtu wa kusema kitu asichokimaanisha.

Ndiyo maana Novemba ile, jina lake lilipotajwa, Mokeira alitoka akiwa amekata shauri. Angeteleka chai, lakini angeipeleka kwa kuchelewa. Alikuwa amesimama mbele ya sufuria akihesabu dakika aliposikia sauti ya mtu anayepuliza jiko. Jikoni hapakuwa na mtu mwingine. Kisha akahisi uzito mdogo juu ya kichwa, kama kifaranga ametua. Alijitazama kwenye kifuniko cha sufuria. Ulimi wa moto, urefu wa kidole cha kati, ulikuwa umekaa hewani juu tu ya kitambaa chake cha kichwa. Aliugusa. Haukuchoma. Kitambaa nacho kilikuwa kizima. Wakati huohuo chai ikaanza kupanda, akaiepua upesi isimwagike, na kwa kuwa ilikuwa tayari, akaisahau mipango yake yote akaipeleka.

Wajumbe kumi na mmoja waliinua macho. Mzee Mogire alimtazama Mokeira, akautazama moto, akaitazama birika. Akavua kofia na kuishukuru chai kwa sala fupi. Amina. Mtu mmoja akauliza kama sukari iko ndani au kando.

Gentrix aliandika katika kumbukumbu za kikao: "Chai ililetwa saa nane na dakika ishirini. Juu ya mleta chai palikuwa na moto." Mzee Mogire aliteuliwa tena kuwa mzee wa kanisa bila kupingwa.

Mokeira alienda nyumbani akiwa na hasira, na moto ukaenda naye.

Mchungaji Ogola alikuja Jumatano kuuona. Alikuwa mtu wa ziwani, mpole, na kwa ajili yake vikao vya Gilgali viliendeshwa kwa Kiswahili ingawa watu walinong'onezana kwa Kigusii. Aliuzunguka moto mara mbili, akasema kwamba hiyo bila shaka ni karama, ila haijajulikana ni karama ipi. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa amewaletea fomu ya maswali sitini kutoka semina ya mjini, ili kila muumini ajue karama yake. Kwa mujibu wa fomu hiyo Mzee Mogire alikuwa na karama ya ukarimu, ingawa hajawahi kuchemsha hata maji ya kunawa. Mokeira alipata alama hamsini na nane za uongozi. Walimrudishia ajumlishe upya, wakidhani amekosea. Akajumlisha akapata hamsini na tisa. Fomu yake ikawekwa kwenye kabati pamoja na vitabu vya nyimbo vilivyochanika.

Mzee Mogire hakuwa mtu mbaya, na hili lazima lisemwe. Aliwapenda watu, alikumbuka ng'ombe wa kila boma kwa rangi, na alikuwa na sauti iliyofika ng'ambo ya bonde bila kipaza sauti. Majina ya watu tu ndiyo yaliyomponyoka. Yeye alikuwa na maelezo yake kuhusu ule moto. Alisema ulikuwa ukija kwenye kikao, kwa mwenyekiti, ila umepitia upande wa jikoni na kumkuta Mokeira njiani. Wajumbe wengi waliona ina maana, kwani mlango wa jikoni ndio unaotazama juu mlimani.

Wakampa nafasi ya kuupokea. Jumamosi moja asubuhi Mzee Mogire aliingia jikoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasimama pale pale aliposimama Mokeira, akateleka chai. Mokeira alikatazwa kumsaidia, asije akauchanganya moto. Alisimama mlangoni akimwona anamimina maziwa kwenye sufuria kavu, na mikono yake ikamwasha kwa hamu ya kuingilia. Maziwa yaliungua. Majani yalitiwa mara mbili, sukari haikutiwa kabisa. Mzee Mogire alisimama juu ya jiko kwa saa nzima na nusu akingoja moto umtue kichwani, macho yakimtoka machozi ya moshi. Hakikutua kitu. Mwishowe kamati iliinywa ile chai, na yeye mwenyewe ndiye aliyeishukuru. Tangu siku hiyo walikubaliana kwamba jiko lina mwenyewe.

Suala likapelekwa kwenye katiba ya kanisa. Katiba ilikuwa kimya kuhusu moto, isipokuwa kifungu cha arobaini na moja kinachokataza kuwasha jiko ndani ya ukumbi wa ibada. Baada ya kukisoma kwa makini, waliamua Mokeira akae benchi la mwisho, karibu na mlango, na pembeni yake iwekwe ndoo ya mchanga. Watoto walipewa onyo wasiuchezee mchanga huo. Mokeira alikaa. Akiimba, moto ulirefuka kidogo. Mahubiri yakirefuka, ulipungua ukawa mdogo kama punje ya mahindi. Mvua za kaunti ya Nyamira, ambazo huja kila alasiri bila kukosa, hazikuuzima. Akichuma majani ya chai, majirani wa kilima cha pili walimwona, wakajua amefika mstari wa ngapi.

Tatizo lilikuwa vitambaa. Havikuungua, lakini alichoka kuulizwa kama vitaungua. Mwanzoni mwa Desemba alikwenda Kisii mjini, sokoni Daraja Mbili, kwa Dahabo, aliyekuwa akiuza vitambaa vya mitumba na ambaye walijuana tangu zamani. Dahabo alimwangalia kichwani kwa jicho la mtu wa kazi.

"Unatoka kwa nywele ama unakaa juu?"

"Juu. Kama vidole viwili."

"Basi chukua pamba. Hii nailoni itakusumbua bure."

Alimchagulia cha kijani na cha maua madogo, akavikunja. Kisha, akiwa bado ameshika mfuko, akauliza kanisani wamempa kazi gani sasa.

"Ileile ya jiko," Mokeira alijibu.

Dahabo aliuweka mfuko chini. Alirudi ndani ya kibanda akatoa kitambaa cha tatu, cheupe, akakitia kwenye mfuko bila kuulizwa.

Kuelekea Krismasi stima ilianza kukatika Nyaramba. Siku ya kwanza ilikatika katikati ya somo, na anga likiwa limefunga mawingu, Mzee Mogire hakuona tena mstari. Akamwita Mokeira aje mbele. Mokeira alitembea kutoka benchi la mwisho hadi kwenye mimbari, na moyo ukampiga, maana hakuwahi kusimama pale isipokuwa akiwa na ufagio. Mzee Mogire akamwomba asogee kushoto kidogo, kivuli kilikuwa kinaangukia kitabu. Akaendelea kusoma.

Tangu hapo ikawa desturi. Kamati ndogo ilikutana na kuunda Idara ya Mwanga, Mokeira akawa mhudumu wake, chini ya mzee wa kanisa. Idara ilipewa kigoda. Kanisa dada la Magwagwa, nalo likiwa na shida ya stima, liliandika barua kuomba kuazimwa Mokeira, na ikakubaliwa aende Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, mradi arudi mapema kuandaa chai. Watu walimpongeza. Walimwambia ni nadra mwanamke kusimama mbele kiasi hicho. Mokeira aliwashukuru, akarudi nyumbani, akaketi jikoni kwake mchana ule kwa muda mrefu. Alikuwa amechoka kuwa karibu na kitabu bila kukifungua.

Nyangate alisubiri hadi Januari, akaongeza na wiki mbili juu. Wakati wote huo Mokeira alimpelekea uji, na Nyangate alipenda kula karibu na ule moto kwa sababu ulimpa joto la magoti, ingawa mtu mwingine yeyote aliuona baridi. Hakuuliza umetoka wapi. Aliuliza tu kama wameshamfanya mzee wa kanisa.

"Bado, omong'ina," Mokeira alijibu, kama anavyoitwa bikizee kwa heshima.

"Wanangoja nini? Uote na mkia?"

Jumanne moja asubuhi Mokeira alifika na uji akamkuta amelala na viatu miguuni, tayari kwa safari. Alilia hapohapo, kwa sauti, bila kujizuia. Kisha akafuta uso akaenda kumtafuta mchungaji.

Mchungaji Ogola alisema moyo wake uko pamoja naye, lakini siku ya mazishi alikuwa na harusi mbili, na kikao cha uteuzi ni Novemba. Kikao cha dharura kingeweza kuitwa, ila na mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mogire. Mokeira akamfuata shambani, akamkuta anang'oa magugu kwenye migomba, akamweleza yote: ahadi, Ombaso, na Motari aliyezikwa akiwa hai.

Mzee Mogire alisikiliza, akaona aibu kweli. Alikiri kwamba siku ile ya Ombaso ilimtesa miezi. Akasema, na alikuwa mkweli, kwamba kanisa lote linajua ni Mokeira anayewatembelea wagonjwa, anayepatanisha waliogombana, anayekesha na waliofiwa.

"Kazi ni yako, dada, hakuna anayebisha. Sasa cheo unakitakia nini?"

"Nipate kutaja jina lake," Mokeira alisema.

Mzee Mogire alifikiri. Akamwambia kuita kikao kwa ajili ya jina moja ni kuwasumbua watu msimu wa kuchuma, ila yeye angefanya jambo. Angeliandika jina kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Wakipeana mikono juu ya hilo, Mokeira alihisi mkono wake mgumu wa jembe na akajua hadanganyi. Hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Siku ya mazishi watu walijaa hadi kwenye kijito. Mzee Mogire alifika mapema, akafungua kiganja na kumwonyesha: NYANGATE, kwa herufi kubwa, na mstari chini. Mokeira alikuwa amevaa kile kitambaa cheupe. Tangu alfajiri alikuwa na wanawake wenzake nyuma ya nyumba, kwenye masufuria ya wali na ndizi, kwa kuwa jiko la msiba nalo lilikuwa lake. Hotuba zilikwenda kama hotuba zinavyokwenda. Wajukuu walisema, majirani walisema, chifu alisema, mtu aliyetaka kura mwaka ujao alisema kwa muda mrefu kuliko wote. Jeneza lilipofika kaburini ilikuwa saa tisa na mvua ya Nyamira ikashuka.

Ilishuka yote kwa pamoja. Mchana ukawa mweusi. Vitabu vya ratiba, vyenye picha ya Nyangate na jina lake, vililowa vikawa uji mikononi mwa watu. Simu zilikuwa zimeisha chaji, maana stima haikuwepo siku ya tatu. Mzee Mogire alifungua kitabu cha ibada, asione hata neno. Akainua ile sauti yake iliyovuka bonde na kuita Idara ya Mwanga.

Mokeira aliacha mwiko, akaja. Mtu alimpa mwavuli aushike juu ya kitabu. Alisimama ukingoni mwa kaburi, bega kwa bega na Mzee Mogire, na moto juu ya kichwa chake ukaangaza ukurasa, jeneza, na matone ya mvua yaliyokuwa yakipita ndani yake bila kuudhuru. Mzee Mogire akasoma vizuri. Aliposahau kugeuza ukurasa, Mokeira aligeuza. Aliposita kwenye neno gumu, Mokeira alimnong'oneza. Walifika mahali penye nafasi tupu kwenye kitabu, pale anapotakiwa mhubiri kutaja jina la marehemu.

Mzee Mogire alifungua kiganja. Mvua ilikuwa imepita hapo. Palibaki doa la buluu na ule mstari wa chini.

Aliinua macho kutafuta msaada, na mbele yake, katika giza lote lile, kitu kimoja tu kilionekana: uso wa Mokeira, umeangazwa vyema, mwenye jina alilolijua kwa miaka kumi na tisa ya chai. Mokeira alikuwa amekwisha kufungua mdomo amnong'oneze. Mzee Mogire alimtangulia.

"Mpokee dada yetu Mokeira," alisema, kwa sauti iliyofika ng'ambo. "Mtumishi wako mwaminifu. Umpumzishe."

"Amina," umati ukaitika, wote kwa mara moja, kwa sababu ya mvua.

"Ni Nyangate," Mokeira alisema. "Mzee, ni Nyangate. Rudia."

Mzee Mogire alitazama kiganja, akamtazama Mokeira, na uso ukamwanguka. Kwa muda kidogo ilionekana kama atarudia. Kisha akafunga kitabu taratibu.

"Dada, nisamehe. Imeshafungwa," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wameitika Amina. Tutalileta Novemba."

Vijana wakashika majembe. Mokeira alipiga magoti kwenye tope, moto ukainama naye, akasema chini mle, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemwamsha mwenzake, jina la Nyangate, na jina la baba yake, na la Ombaso kwa usahihi. Udongo ulikuwa tayari unaanguka. Gentrix, aliyekuwa akiandika matukio ya siku chini ya mwavuli wake, hakulisikia, kwa hiyo halikuandikwa. Kilichoandikwa ni kwamba Mokeira alizikwa saa tisa na nusu, mvua ikinyesha, na kwamba mwanga ulikuwa wa kutosha.

Halafu mtu akaita kutoka nyuma ya nyumba kwamba maji yamechemka na wageni wanangoja. Mokeira akajipangusa magoti, akaenda kutia majani.